Usimamizi Kwanza, Hati Baadaye: Kumwachia Ndugu Nyumba ya Urithi Ukiwa Ng'ambo

  Nawashukuru kwa kuacha mapumziko yenu ya mwisho wa wiki mkaja hapa London kusikiliza habari za sheria, ambazo kwa kawaida mtu huzitafuta akiwa ameshaingia matatani.

Mada niliyopewa ni hati ya uwakilishi: ile karatasi ambayo mtu aliye ng'ambo humwandikia ndugu aliyebaki nyumbani ili amsimamizie mali ya urithi. Nitatumia mfano mmoja na tutakwenda nao hadi mwisho. Tuseme baba amefariki Dar es Salaam. Mama alishatangulia, na babu na bibi pia. Ameacha nyumba Magomeni: vyumba vinane vya kupangisha, ua wa ndani na fremu mbili za duka zinazotazama barabara. Hakuacha wasia. Watoto ni wanne: kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, dada yuko Muscat, wa tatu, mwanamume, yuko hapa London na ana pasipoti ya Uingereza, na kitinda mimba, binti, yuko Minneapolis. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Nalisisitiza hilo kwa sababu ugomvi wa mirathi mara nyingi hauanzi na mwizi. Unaanza na watu wanaopendana ambao hawakuandikiana.

Nina mambo mawili ya kuwaambia. La kwanza: hati ya uwakilishi haiwezi kumpa ndugu yako kitu ambacho wewe mwenyewe hujakipata. La pili: ukishakipata, mwandikie ndugu yako hati finyu, yenye mipaka, kwa sababu mipaka hiyo inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe.

Mali ya marehemu iko mikononi mwa nani?

Baada ya arobaini, watatu walioko nje wanakubaliana kwenye kundi la WhatsApp: tumwandikie kaka hati, akusanye kodi, atengeneze paa. Dada anasaini Muscat, wa tatu anasaini hapa, karatasi zinatumwa. Kila mmoja anaona kazi imekwisha, kumbe wameruka hatua ya kwanza.

Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Nyumba ya Magomeni itaongozwa na sheria za Tanzania hata kama warithi wote wangekuwa wakazi wa London, na ya Mombasa itaongozwa na sheria za Kenya. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, kinalitamka hilo waziwazi. Katika nchi zote mbili, mtu akifariki, mali yake haihamii kwenye majina ya watoto kwa kuwa tu ni watoto. Inakaa kwanza mikononi mwa mtu aliyethibitishwa na mahakama: wasii, ikiwa marehemu aliacha wasia uliomtaja, au msimamizi wa mirathi, ikiwa hakuacha. Kwa Tanzania Bara haya yamo katika Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Kabla ya uteuzi huo, watoto wetu wanne wana haki ya kurithi, lakini hakuna hata mmoja anayeweza kusimama mbele ya mnunuzi akasema, "Mimi ndiye mwenye nyumba."

Wakala huchota nguvu zake kwa aliyemtuma. Ikiwa leo dada wa Muscat hawezi kuiuza nyumba ya Magomeni, wakala wake hawezi pia, hata karatasi ikiwa na mihuri kumi. Mnunuzi atakayelipa fedha kwa kuiamini karatasi hiyo atakuwa amenunua kesi.

Kenya wamekwenda mbali zaidi. Kifungu cha 45 cha sheria yao ya mirathi kinasema anayejiingiza katika mali ya marehemu bila idhini ya kisheria anatenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa hiyo ukimpigia binamu yako wa Kisauni, Mombasa, simu siku ya tatu baada ya mazishi, ukamwambia aanze kupokea kodi za wapangaji wa marehemu, unadhani umempa heshima. Umemtia hatiani.

Basi mpangilio ni huu. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapendekeza jina la msimamizi. Cheti cha kifo kinapatikana. Maombi yanapelekwa mahakamani: Tanzania Bara, mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na nyingine huenda mahakama za juu yake. Zanzibar, mirathi ya Waislamu hushughulikiwa na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na kuna Mahakama ya Kadhi kwa mashauri yake. Kenya, maombi hutangazwa katika Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30.

Mlioko nje hamwachwi kando katika hatua hii. Kazi yenu ya kwanza ni kutoa ridhaa ya maandishi kwamba fulani awe msimamizi. Kenya ina fomu maalumu kwa hilo, namba 38. Na ikiwa wewe uliye nje ndiye mwenye haki ya kusimamia, sheria inaruhusu mahakama kumpa wakala wako usimamizi kwa niaba yako. Hapa hati ya uwakilishi inafaa hata kabla ya mirathi kufunguliwa, lakini tazameni inavyofanya kazi: inamfikisha wakala mahakamani kuomba mamlaka. Haimpi ruhusa ya kuipita mahakama.

Ikiwa marehemu aliishi hapa Uingereza, na mahakama ya hapa imeshathibitisha wasia wake, Kenya na Tanzania zina utaratibu wa kuitambua amri ya nchi ya Jumuiya ya Madola kwa kuigonga muhuri upya, badala ya kuanza shauri upya. Oman haimo katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat wasiutegemee mlango huo bila kuuliza.

Msichelewe. Tanzania Bara, maombi yakiletwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu baada ya miaka mitatu tangu kifo, lazima yaeleze sababu ya kuchelewa. Na katika nchi zote mbili, muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Nyumba ya urithi iliyoachwa mikononi mwa mtu anayeishi humo kama mwenyewe, bila makubaliano yoyote, inaweza kuwaponyoka watoto walioko nje huku bado wanaiita nyumba yetu.

Msimamizi si wakala

Tuseme sasa kaka mkubwa ameteuliwa msimamizi. Je, anahitaji hati kutoka kwa wadogo zake? Kwa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, hapana. Nguvu zake zinatoka mahakamani, na huko ndiko anakowajibika. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawanyo ndani ya miezi minne. Aliyeteuliwa chini ya Sura ya 352 anatakiwa kuwasilisha orodha ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Kenya, ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama ithibitishe usimamizi, na kwa kawaida hilo husubiri miezi sita.

Hapa familia nyingi huchanganya. Zinamwacha kaka akae msimamizi miaka 15, mirathi haifungwi, nyumba haihami kutoka jina la marehemu, na kila mwaka anaandikiwa hati mpya kana kwamba karatasi ya ndugu itaziba pengo la hesabu ambazo mahakama haijazipata. Daini mirathi ifungwe. Nyumba iandikwe kwa majina ya warithi na mafungu yao. Kwa watoto wetu wanne, kwa mirathi ya Kiislamu, hayo ni mafungu sita: kaka mawili, wa London mawili, dada moja, kitinda mimba moja. Mafungu yakishatajwa, kila mmoja ana kitu chake mwenyewe cha kumkabidhi wakala.

Na katika kipindi cha kusubiri, aliye nje anaweza kuwa na wakala wa kazi nyingine kabisa: kuhudhuria mahakamani, kuomba nakala za hesabu, kupokea fungu lake. Mtu huyu asiwe msimamizi yuleyule. Mchagueni shangazi, mjomba au wakili. Anayesimamia na anayeangalia usimamizi wakiwa mtu mmoja, hakuna anayeangalia.

Hati hufa na mwenye kuitoa

Tuseme, katika mfano wetu, mwaka mmoja kabla ya kufariki baba alimwandikia baba mdogo hati ya kushughulikia nyumba kwa sababu alikuwa mgonjwa. Baba amefariki, baba mdogo bado ana karatasi, ina muhuri na tarehe, na anaendelea kupokea kodi. Hana nguvu tena. Uwakala hukoma kwa kifo cha aliyeutoa, na chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania hukoma pia akipoteza akili zake. Karatasi haibadiliki sura, kwa hiyo wapangaji hawatajua. Ni wajibu wa warithi kuwaarifu, kwa heshima ya baba mdogo, lakini kwa maandishi.

Hapa Uingereza kuna hati nyingine, ile inayosajiliwa kwa ofisi ya mlezi wa umma chini ya sheria ya mwaka 2005, inayoendelea hata mzee akipoteza uwezo wa kuamua. Wengi wenu mmewasaidia wazazi kuijaza. Ni hati nzuri kwa akaunti ya benki ya Barclays au nyumba ya Leicester. Msiipeleke kwa Msajili wa Hati Dar es Salaam mkitarajia nyumba ya Magomeni itafunguka. Andikeni hati ya Tanzania kwa ardhi ya Tanzania.

Kwa nini hati finyu

Kuna hati ya jumla, inayosema wakala afanye lolote ambalo mimi ningefanya. Kuna hati maalumu, inayotaja mali moja na kazi moja moja. Watu hupenda ya jumla kwa sababu ni fupi, na kwa sababu kumwekea ndugu mipaka kunaonekana kama kumshuku.

Tazameni upande wa kaka. Paa limevuja mwezi wa tatu wakati wa masika. Amelipa fundi kutoka mfukoni. Wapangaji wawili wamehama, dalali anataka chake, na kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo mpangaji anayenunua umeme naye anadai apunguziwe kodi yake. Mwisho wa mwaka kaka anatuma kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Huku nje mtu anapiga hesabu ya vyumba vinane mara miezi kumi na miwili, na mashaka yanaanza. Kaka mwenye hati ya jumla hana pa kusimama: hakuna ilipoandikwa kwamba matengenezo ni ruhusa, wala kwa kiasi gani, wala kwamba jasho lake lina ujira. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba undugu nao hupotea hivyo hivyo.

Hati iandikwe hivi. Itaje kiwanja kwa namba, kitalu, eneo na namba ya hati miliki, na fungu la mtoaji. Iorodheshe ruhusa: kupokea kodi, kusaini mikataba ya upangaji isiyozidi mwaka mmoja, kulipa kodi ya pango la ardhi, kufanya matengenezo hadi kiasi kilichotajwa bila kuuliza, kufika serikali ya mtaa, halmashauri na baraza la ardhi. Iorodheshe makatazo: kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi, kujenga upya, na kumkabidhi mtu mwingine uwakala huu. Itaje akaunti ya benki ya nyumba, isiyochanganywa na akaunti ya wakala. Itake taarifa kila miezi mitatu, yenye risiti. Iseme ujira wa wakala, uwe asilimia ya kodi au kiasi maalumu. Msione haya, anafanya kazi. Itaje siku ya mwisho, mwaka mmoja au miwili, ili kuihuisha kuwe jambo la kawaida na kukataa kuihuisha kusiwe tusi.

Karatasi hii kaka akimwonyesha mpangaji mkorofi, ataheshimiwa. Akimwonyesha mke wake anayemuuliza kwa nini anahangaika na mali ya wengine, atakuwa na jibu. Na mdogo mtu akimshuku kutoka Minneapolis, kaka atafungua taarifa ya miezi mitatu na maneno yatakwisha.

Safari ya karatasi

Hati ya kutumika kwenye ardhi haianzi kufanya kazi pale unapoisaini. Saini mbele ya mthibitishaji wa umma au afisa wa ubalozi mwenye mamlaka hayo, ukiwa na pasipoti na picha, na usaini kila ukurasa. Kama nchi uliyosainia na nchi ya mali zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, muhuri mmoja wa mkataba huo unatosha kuthibitisha saini. Oman, Burundi na Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga. Kama mojawapo haimo, karatasi hupita kwa mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje ya hapo, kisha ubalozi wa nchi ya mali. Aliyeandikiwa kwa Kiarabu Muscat aiambatanishe na tafsiri iliyothibitishwa. Uliza kabla ya kusaini, kwa sababu kurudia safari hiyo ni gharama.

Halafu itume nakala halisi, si picha ya simu. Huko itatozwa ushuru wa stempu na kusajiliwa. Kenya, kifungu cha 48 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaweka daftari maalumu la hati za uwakilishi. Tanzania Bara, hati inayohusu ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwa Msajili wa Hati. Hati iliyobaki kabatini kwa wakala haijulikani kwa yeyote.

Pasipoti na kuuza

Tumrudie wa tatu, mwenye pasipoti ya Uingereza. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yameleta hadhi maalumu kwa watu wa diaspora, na masharti yake yaulizwe kwa wakili kabla ya kugawana. Lakini familia nyingi huchukua njia ya mkato: fungu la wa tatu linaandikwa kwa jina la kaka, kwa maneno ya mdomo. Hapo hakuna hati ya uwakilishi itakayomwokoa, kwa sababu kaka si wakala tena, ni mmiliki. Kaka akifariki, watoto wake watarithi wanachokiona kwenye daftari. Kenya mambo ni tofauti kidogo: Katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kipindi kisichozidi miaka 99.

Ikiwa suluhisho ni kuuza, usiongeze mstari mmoja kwenye hati ya kusimamia. Andika hati nyingine, ya mauzo peke yake. Itaje bei ya chini kabisa, ikifuata ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Itaje muda mfupi. Na iseme kwamba mnunuzi atalipa moja kwa moja kwenye akaunti za warithi, kila mmoja kwa fungu lake, au kwenye akaunti ya wateja ya wakili. Ndugu asaini mkataba, fedha zisipitie mkononi mwake. Hilo nalo ni kumhurumia. Kushika fedha za watu wanne ni mtihani usio na sababu.

Kuifuta

Hati ikikosa kazi, au uaminifu ukiingia dosari, kumwambia wakala kwa simu hakutoshi. Sheria ya uwakala inamlinda mtu wa tatu asiyejua: mnunuzi au mpangaji aliyeendelea kushughulika na wakala kwa nia njema, bila habari ya kufutwa, anaweza kukubana kwa makubaliano hayo. Andika ufutaji mbele ya mthibitishaji kama ulivyoandika hati, usajili ufutaji huo palepale hati iliposajiliwa, uwaarifu wapangaji, benki na serikali ya mtaa, na uombe nakala halisi irudishwe.

Ndugu zangu, nawaombeni jambo moja mkiondoka hapa. Mwenye nyumba ya urithi nyumbani aulize maswali matatu wiki hii hii: mirathi imefunguliwa mahakamani? Imefungwa? Daftari la ardhi linasoma jina la nani? Majibu yakiwa hapana, hapana, na jina la marehemu, msimtumie kaka hati. Mtumieni nauli ya kwenda mahakamani, na ridhaa zenu zikiwa zimesainiwa. Hati ya uwakilishi itafuata, na itakuwa na kitu cha kushika.